Ukurasa Haupatikani

"Hakuna," Naftaly alisema tena, akaigeuza kompyuta ili Inspekta Gatakaa ajionee mwenyewe. "Siku hiyo tabuleti ya Celina iliingia kwenye tovuti, kwa mlango wa wakaguzi, mara moja tu. Baada ya hapo, hakuna ukurasa mwingine. Ukurasa wa shehena ya thelathini na moja haukuombwa na mtu yeyote."

Gatakaa hakuitazama kompyuta. Alimtazama Naftaly. Huyu ndiye fundi aliyejenga tovuti ya ushirika wa wakulima wa viazi wa Kibirichia, mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo mjini Meru. Tangu wakae alikuwa akipima kila neno kama mtu anayeogopa litamgharimu.

"Haya ndiyo uliyoiambia kamati ya ushirika?"

"Haya haya."

"Na kamati ikasemaje?"

"Ikasema basi Celina hakukagua. Alikaa mahali akapitisha tu."

Na kwa hilo kamati ikamtupa mtu kwa polisi. Celina Njagi alikuwa mkaguzi wa mbegu wa ushirika. Shehena ya thelathini na moja, mbegu ya viazi iliyojaa lori, ilitoka stoo ya Kibirichia ikiwa imepitishwa kwa jina lake, ikateremshwa Kanja, upande wa Embu, ikapandwa mvua ilipoanza. Sasa mashamba yote yaliyoipokea yalikuwa yamelala chini. Ulikuwa ni mnyauko, ule ugonjwa ambao ukishaingia kwa udongo mwenye shamba anasahau viazi kwa miaka. Mmoja wa waliopanda alikuwa Mzee Njagi wa Kanja, baba yake Celina. Alikuwa amemtumia binti yake ujumbe wa neno moja: "Usije." Jumatatu kiongozi wa mashtaka alitaka faili mezani, na leo ilikuwa Ijumaa.

Gatakaa alikuwa amelisoma faili hilo mpaka likamkera. Kilichomkera hasa ni kwamba ushahidi mkubwa uliokuwamo ulikuwa kitu ambacho hakikuonekana. Yeye alizoea kumfunga mtu kwa kitu kilichopo. Kama kitu hakipo, alitaka kwanza aambiwe kwa nini kilipaswa kuwapo.

"Una tabuleti ya majaribio?" aliuliza.

"Iko."

"Ingia kama mkaguzi. Fungua shehena yoyote ya uongo, uijaze mpaka mwisho. Konstebo Mwongera ataangalia hiyo seva yako inaandika nini."

Mwongera, aliyekuwa amesimama mlangoni akila njugu, alizirudisha mfukoni akasogea kwenye kompyuta. Naftaly akaingia. Seva ikaandika mstari mmoja. Akafungua orodha ya shehena, akachagua moja, akafungua ukurasa wake, akaandika matokeo, akabonyeza "Kataa". Kisanduku kikatokea katikati ya kioo kikiuliza, "Una uhakika?" Akabonyeza ndiyo. Kisha, kwa kuambiwa na Gatakaa, akarudi akabadilisha ikawa "Pitisha". Kisanduku kikatokea tena na swali lile lile.

"Mwongera?"

"Mstari ni ule mmoja, Madam. Wa kuingia. Halafu kuna vitu vidogo vya kuhifadhi, havina jina la ukurasa wala havisemi nini kimehifadhiwa."

"Kwa hiyo," Gatakaa alimgeukia Naftaly, "umepita kurasa nne mbele ya macho yangu, na seva yako haijui umepita hata mmoja."

Naftaly alijikuna shingo. "Sasa, Madam, hiyo ndiyo namna yake. Ile tovuti ya zamani, ya matangazo na bei, ukibonyeza kitu simu inauliza seva, seva inatengeneza ukurasa, inatuma. Ni kama hoteli, kila kikombe unaita weita. Lakini hii ya wakaguzi niliijenga tofauti. Ukiingia unapewa chupa nzima ya chai. Kuanzia hapo unajimiminia. Kurasa zinabadilika ndani ya simu yenyewe. Weita hawezi kujua umekunywa vikombe vingapi."

"Na kamati ilipokuuliza, hukuwaambia hivyo?"

"Waliniuliza kama ukurasa uliombwa. Nikasema haukuombwa. Hawakuuliza kama ni lazima uombwe."

Gatakaa alihisi hasira ikipanda, akaiacha ipite. Mwanamke alikuwa amelala seli siku mbili kabla ya kupata dhamana, na huyu bwana alikuwa akijibu kama anafanya mtihani wa shule. Lakini hasira haingemsaidia Celina. Alichukua tabuleti ile, akaanza kuipekua mwenyewe, na kwa mazoea ya mtu yeyote anayeishi mahali netiweki inakuja na kuondoka, akauvuta ukurasa chini kwa kidole gumba ili ujifungue upya.

Kioo kikawa cheupe. Kisha yakaja maandishi ya kijani ya ushirika: *Ukurasa haupatikani.*

"Nimeharibu nini?"

Naftaly alikuwa akitazama sakafu. Masikio yake yalikuwa yameiva.

"Nimekuuliza."

"Hujaharibu. Hapo ni mimi." Alivuta kiti karibu. "Ukiwa ndani, anwani ya ukurasa inabadilika pale juu, lakini inabadilishwa na simu. Seva haina ukurasa kama huo. Sasa ukiuvuta hivyo, unamwita weita, unamwambia akuletee kikombe kilicho ndani ya chupa yako. Anakuambia hajui unaongea nini. Ilitakiwa niiambie seva, mtu akiomba kitu chochote cha wakaguzi, mpe tu chupa, atajitafutia. Nilikuwa na haraka ya kuunganisha hii mpya na ile ya zamani. Nikasahau."

"Na mtu akitumiwa linki ya ukurasa wa shehena kwa WhatsApp, akaibonyeza kwa simu yake?"

"Itakataa hivyo hivyo."

Gatakaa aliweka tabuleti mezani polepole. "Simu yoyote?"

"Yoyote. Zile linki nilitaka zifunguke kwa kila mtu, hata bila paswadi, mradi cheti kionekane. Lakini hazifunguki. Ni lazima uingie kwa mlango, na mlangoni unaulizwa paswadi ya mkaguzi."

"Tangu lini hazifunguki?"

"Tangu tuiweke."

"Na hakuna aliyelalamika?"

"Watu hudhani ni netiweki." Naftaly alikuwa ameshavuta kibodi. "Ni mistari miwili tu, Madam. Naweza kuirekebisha sasa hivi unaona."

"Ukiigusa nitakufunga wewe."

Mikono ya Naftaly ikarudi mapajani. Mwongera alikohoa ili asicheke.

"Utanipa nakala ya maagizo ya hiyo seva kama yalivyo, na kitu kinachoonyesha mara ya mwisho yaliguswa lini. Utaandika taarifa, utie sahihi. Yote uliyoniambia, pamoja na chupa ya chai kama unataka. Hiyo tabuleti ya majaribio naondoka nayo. Na mpaka nikupigie simu, hiyo kitu ibaki imeharibika hivyo hivyo."

Naftaly aliandika. Gatakaa alisimama dirishani akisubiri. Kichwani alikuwa akisoma maneno ya mtu mwingine, Gitobu, mtunza stoo wa Kibirichia, kama yalivyokuwa kwenye faili: *Nilipokea linki kutoka kwa Celina. Niliifungua kwa simu yangu, nikaona ameipitisha, ndipo nikaruhusu lori kuondoka.* Kamati nzima ilimwamini. Hata yeye alimwamini.

*

Celina walimchukua mbele ya kituo cha polisi, alikokuwa amefika kuripoti kama dhamana yake ilivyotaka. Alikaa kiti cha nyuma na mfuko wake wa kazi mapajani, buti zikiwa bado na udongo mkavu. Hakuuliza wanakwenda wapi mpaka gari liliposhika barabara ya Kibirichia.

"Nionyeshe ule ujumbe tena," Gatakaa alisema.

Celina alimpa simu. Alikuwa amejitumia nakala kutoka tabuleti ya kazi kabla haijachukuliwa. *Hiyo ya 31 nimemaliza. Angalia hapa.* Kisha linki.

"Unasema uliikataa. Sasa kwa nini hukuandika nimeikataa? Neno moja tu, na leo usingekuwa kwa hili gari."

Celina alitazama nje. "Hiyo mbegu ilitoka shamba lake, Madam. Gitobu mwenyewe. Yule ni rika la baba yangu. Huwezi kumwandikia mtu mzima kwa WhatsApp ati shamba lako ni gonjwa. Nikaona afadhali nimtumie ukurasa, asome mwenyewe akiwa peke yake."

Mwongera alimtazama kwenye kioo cha gari, akatikisa kichwa kidogo. Alielewa. Hata Gatakaa alielewa, na alichukia kwamba alielewa.

"Ulijuaje ni gonjwa?"

Celina alifungua mfuko akatoa glasi iliyoviringishwa ndani ya soksi. "Unakata shina, unalitia kwa maji, unangoja. Likiwa safi, maji yanabaki maji. Likiwa na ugonjwa, unaona uzi mweupe unateremka kama maziwa. Ile ya Gitobu sikungoja hata kidogo. Uzi ulishuka hapo hapo. Niliketi kwa tuta nikaandika imekataliwa."

"Halafu tabuleti ikaenda wapi?"

"Kwa stoo. Stima ilikuwa imepotea Kibirichia yote, na stoo iko na sola. Sisi wote huacha tabuleti kwa ofisi ya Gitobu zichaji. Nikaenda shamba lingine kwa mguu kuangalia mitaro."

"Uliifunga?"

"Hakuna mtu hufunga, Madam. Ukiifunga huku juu, kuifungua tena utakaa nusu siku. Ile mara ya kwanza ndiyo nzito. Ikishaingia inaenda tu, hata netiweki ikiwa mbaya. Kwa hivyo tunaiacha wazi."

Gatakaa aliirudisha simu. Walikuwa wamefika kwenye lango la stoo.

"Utabaki hapa na gari," alimwambia Celina. "Hata ukisikia nini, usiingie."

*

Gitobu aliwapokea kwa heshima zote. Walisalimiana kwa Kimeru, akaulizia safari, akamwagiza mama wa stoo alete chai, na chai ikaja kabla Gatakaa hajapata nafasi ya kuikataa. Alikuwa mzee mnene mwenye koti la kijivu na kalamu mbili mfukoni. Kwenye kona ya ofisi kulikuwa na meza ndogo chini ya waya wa sola, na juu yake tabuleti mbili zilikuwa zikichaji. Moja kioo chake kilikuwa wazi kabisa, orodha ya shehena ikionekana.

"Mzee Gitobu, nina kazi ndogo ya kumaliza faili. Nirudie tu yale uliyosema."

"Hayo nitayarudia hata usingizini, Inspekta. Nilikuwa nje na watu wa lori. Simu ikalia. Ni Celina. Nikabonyeza linki, ikafunguka, nikaona imepitishwa. Nikawaambia vijana wapakie."

"Ulifungulia kwa simu gani?"

"Hii hii."

"Iliuliza paswadi?"

"Wapi. Ilifunguka tu."

"Ulikuwa umeona ukurasa kama huo siku nyingine?"

"Hapana. Sisi wa stoo huletewa cheti cha karatasi baadaye. Hiyo ndiyo mara ya kwanza."

"Unaukumbuka?"

Gitobu alitabasamu. Aliona ni swali rahisi. "Nakumbuka vizuri. Juu kuna namba ya shehena. Hapo katikati kuna alama ya kijani, Imepitishwa. Chini jina la Celina. Na kile kisanduku kinakuja kuuliza, una uhakika."

Mwongera aliacha kuandika kwa sekunde, kisha akaendelea. Gatakaa alikunywa chai yake.

"Bado unao ule ujumbe?"

"Siwezi kuufuta. Huo ni ushahidi."

"Umefanya vizuri. Basi bonyeza hiyo linki."

Gitobu alivaa miwani, akautafuta ujumbe, akabonyeza. Wote watatu waliinamia simu. *Ukurasa haupatikani.*

"Netiweki ya huku," Gitobu alisema.

"Fungua tovuti ya ushirika, ukurasa wa kwanza."

Alifungua. Ukaja mara moja: tangazo la mkutano wa mwaka, bei za wiki, picha ya mwenyekiti akikata utepe.

"Netiweki iko," Gatakaa alisema. "Rudia linki."

*Ukurasa haupatikani.* Mwongera akajaribu kwa simu yake. Gatakaa akajaribu kwa yake. Zote zilisema neno moja.

"Basi imeharibika siku hizi." Gitobu alivua miwani. "Hawa vijana wa kompyuta, wakigusa hapa wanaharibu pale."

"Haijaharibika siku hizi, Mzee. Haijawahi kufunguka. Kwa simu yako, kwa simu ya mtu yeyote, tangu iwekwe. Aliyeijenga ametia sahihi, na nina maagizo ya seva yenyewe." Gatakaa alisukuma kikombe kando. "Kwa hiyo huo ukurasa hukuuona kwa linki. Kuna njia nyingine moja tu ya kuufikia, kuingia kwa mlango wa wakaguzi, na wewe huna paswadi. Labda kama kuna tabuleti ambayo mwenyewe ameiingiza, akaiacha wazi."

Macho ya Gitobu yalikwenda kwenye meza ya kona yakarudi haraka.

"Kuna jambo lingine. Hicho kisanduku cha una uhakika. Nimekiona leo asubuhi, nikamwona fundi akikijibu. Anayesoma cheti haulizwi kama ana uhakika. Anaulizwa anayebadilisha."

Nje mtu alikuwa akifagia uwanja wa stoo. Gitobu aliilaza simu yake mezani, kioo kikiwa chini.

"Ilikataa kufunguka," alisema kwa sauti ya chini. "Ile linki. Nilibonyeza ikakataa, nikasema ni netiweki. Baadaye nikaingia ofisini, tabuleti yake ilikuwa hapo inachaji. Nilitaka tu kuangalia, Inspekta. Naapa nilitaka kuangalia."

"Ukaangalia."

"Nikakuta imekataliwa. Shamba langu. Unajua maana yake? Unawekewa alama. Hakuna mtu atachukua mbegu kwako tena, mpaka watoto wako wazeeke. Na lori lilikuwa hapo nje, na mvua imeshanyesha. Nikaona pale kumeandikwa badilisha. Nikabonyeza. Ikaniuliza kama nina uhakika."

"Kulikuwa na tabuleti za wakaguzi wengine hapa siku hiyo? Ungeweza kuichukua shehena hiyo ukaiweka kwa jina la mwingine?"

Gitobu alitazama tena meza ya kona.

"Ziko siku zote," Gatakaa alisema. "Kwa nini uliacha jina la Celina?"

"Watu wa Kanja ndio walikuwa na lori." Alikuwa akiitazama chai yake iliyopoa. "Walikuwa wamesema hawachukui mbegu ambayo haijapitishwa na binti yao."

Gatakaa alikuwa amesikia mengi katika kazi hii, lakini hilo lilimuuma kweli. Alisimama. Alimwambia Gitobu kwamba anamkamata, kwa kosa gani, na kwamba ana haki ya kunyamaza. Mwongera aliichukua simu ya mzee akaitia kwenye mfuko wa ushahidi, kisha akazichomoa tabuleti mbili zile, moja moja, akaandika namba zake.

Kabla ya kutoka, Gatakaa alimpigia Naftaly. "Sasa unaweza kurekebisha hiyo mistari yako miwili," alimwambia, akakata.

*

Celina alikuwa amesimama kando ya gari. Alimwona Gitobu akipita na Mwongera, naye Gitobu akainamisha kichwa asimtazame. Celina hakumtukana. Alifunika mdomo kwa kiganja na kubaki hivyo.

"Amekubali," Gatakaa alisema. "Yote. Huendi tena mahakamani kama mshtakiwa. Utakwenda kama shahidi."

Celina alikubali kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. "Asante, Madam. Lakini Baba..."

"Nipe namba yake."

Simu ililia muda mrefu. Gatakaa aliiweka kwenye kipaza sauti, akaishika katikati yao.

"Mzee Njagi, ni Inspekta Gatakaa, kutoka Meru."

"Nakusikia." Sauti ilikuwa kavu. Nyuma yake jembe lilikuwa likipiga udongo, kisha likaacha.

"Ile mbegu, binti yako hakuipitisha. Aliikataa akiwa shambani. Mtu mwingine alibadilisha nyuma yake, na huyo mtu ninaye hapa."

Gatakaa aliangalia kama simu imekatika.

"Aliikataa?"

"Aliikataa, Mzee."

"Mimi niliipanda kwa sababu niliona jina lake. Sikuangalia hata kiazi kimoja."

"Najua."

"Yuko karibu hapo?"

Gatakaa alimtazama Celina. "Yuko."

"Mwambie aje nyumbani leo." Jembe lilipiga udongo mara moja. "Aje na ile glasi yake. Kuna kipande cha huku chini, karibu na mto, chenye viazi vya mbegu yangu ya zamani, sijakigusa. Nataka aniambie kama kimepona."

Celina alikuwa tayari amefungua mfuko wake. Aliitoa glasi kwenye soksi, akaizungusha kwenye mwanga kuangalia kama imepata ufa barabarani, akairudisha.

"Mwambie nakuja," alimwambia Gatakaa. Kisha akanyoosha mkono. "Hapana. Nipe simu nimwambie mwenyewe."